Mechi ya Fulani

"Hapa huna jina," Bwana Ogden alimwambia, akimrushia jezi. "Kwenye karatasi ya mechi umeandikwa Fulani. Mtu akikuuliza, wewe bubu."

Idris Pugh akaivaa. Ilinuka dawa ya kuchua na jasho la mtu mwingine.

"Nataka trai moja tu," meneja akaendelea. "Vuka mstari na mpira, utasaini leo leo, na nyumba utapewa. Usipovuka, panda treni urudi kwenu Wales. Sisi hatukukuona."

Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Raga ya kwao bondeni ilikuwa ya ridhaa, mchezaji halipwi kitu. Ya huku Lancashire, ya watu kumi na watatu, ilikuwa ya kulipwa. Aliyeigusa hii hata mara moja, hata kwa majaribio, alifungiwa maisha kucheza ile ya kwao, na hakukanyaga tena klabuni hata kwa glasi ya bia. Ndiyo maana kijana wa kule akija kujaribiwa, aliandikwa Fulani.

Kwa Idris balaa lenyewe lilikuwa nyumbani. Katibu wa klabu yao, mwenye kufuta majina ya wasaliti, alikuwa baba yake mzazi. Nahodha alikuwa kaka yake, Gethin. Wakala mmoja wa huku Kaskazini alipothubutu kufika kijijini, Gethin alimbeba begani kama gunia la viazi akamtumbukiza mtoni, watu wakishangilia, kisha akamsindikiza mwenyewe hadi stesheni kuhakikisha ameondoka. Alichelewa sana kurudi siku ile. Baba alimsifu mbele ya kijiji kizima.

Lakini Idris alikuwa amechoka. Kupitia ukutani alimsikia baba yake akikohoa makaa, na kila kulipokucha yeye na Gethin waliteremka kwenye mgodi uleule uliomla mzee kifua. Mair, mchumba wake, alimwambia waziwazi: hataolewa na mtu atakayetema weusi kwenye beseni lake. Basi asubuhi hiyo Idris alidanganya kuwa anakwenda Cardiff kumtafutia Mair pete. Baba akatabasamu, akamtakia safari njema. Gethin hakuwepo, alikuwa ameaga kwamba ana zamu mbili mgodini.

Mechi ilianza kwenye ukungu. Idris aliwekwa winga ya kulia, karibu na jukwaa, na dakika chache tu zikapita akakisikia kikohozi. Kirefu, cha kukwangua, kinachoishia kwa mluzi. Akageuka. Kofia ya kijivu, skafu hadi puani. Baba! Mpira uliofuata ulimponyoka mikononi, na uliofuata huo pia.

"We Fulani!" Bwana Ogden alifoka. "Mpira uko uwanjani, si jukwaani!"

Wapinzani nao walikuwa na Fulani wao, mtu mpana wa safu ya mbele, kichwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi, uso wote tope. Watazamaji walipata la kuchekea. Mara mbili Idris alipita upande wake na mpira, na mara mbili yule bwana aligeuka akaenda kumkaba mtu mwingine.

"Fulani wao anamwogopa Fulani wetu!" mama mmoja alipiga kelele. "Mwambieni haumi, jamani!"

Wakati wa mapumziko Idris hakuweza kuvumilia. Alisogea hadi kwenye uzio. Mzee wa kofia ya kijivu akateremsha skafu yake ili ale pai.

"Unanikodolea nini, kijana?" mzee akauliza kwa lafudhi ya palepale. "Vumbi la pamba la kiwandani hili, kifuani mwangu. Nenda kacheze, umeniharibia siku."

Idris nusura ambusu. Alirudi uwanjani mwepesi, na kipindi chote cha pili alikimbia kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Mara mbili alizuiwa karibu na mstari. Bwana Ogden aliacha kufoka. Akaanza kutazama saa.

Mpira wa mwisho ulimfikia Idris kwenye mstari wa kati. Akamruka mmoja, akamwacha mwingine amekaa kwenye tope. Mbele yake akabaki mtu mmoja, yule wa bendeji.

"Safari hii usimkimbie!" meneja wa wapinzani alimpigia kelele. "Ukimwangusha huyo, umepata kazi!"

Idris hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hila moja, aliyofundishwa na Gethin uchochoroni nyuma ya nyumba, kati ya kamba za kuanikia nguo: tazama kushoto, egemea kushoto, kisha chomoka kulia. Kule bondeni, wote aliowafanyia waliingia mtegoni. Aliiona nyumba. Alimwona Mair akifungua dirisha lake.

Akatazama kushoto, akaegemea kushoto.

Mtu wa bendeji hata hakuyatazama macho yake. Alikuwa ameshahamia kulia, anamsubiri.

Bega lilimwingia mbavuni, anga ikageuka, na Idris akaanguka kifudifudi, mpira shubiri moja tu kutoka kwenye mstari. Filimbi ya mwisho ikalia. Upande wa pili watu walikuwa wakiruka na kukumbatiana. Upande huu Bwana Ogden alikuwa amekwishawapa mgongo.

Aliyemwangusha hakuinuka. Alibaki juu yake, akihema, mkono wake umeishika jezi ya Idris kwa nguvu, mdomo karibu na sikio lake.

"Usimwambie Baba," alisema kwa Kiwelshi.