Mgonjwa wa Uhakika

Kila maabara sharti iwe na mgonjwa wake wa uhakika, wa kujaribia mashine za kupima korona. Mashine ikimwona, ni nzima. Isipomwona, ni mbovu. Maabara ya Tabora ilimweka Mihayo, mumewe Nyamizi.

Mihayo alikuwa ameshapona zamani, mashavu yamemjaa kwa kula na kulala. Mashine za pale ziliona mabaki tu ya kirusi kilichokufa, lakini sheria haikuuliza kama kiko hai. Nyamizi akabaki kumpungia mkono kwenye kioo cha chumba alimofungiwa.

Asubuhi moja ikaletwa mashine mpya, kali kuliko zote, ya kutambua kirusi kilicho hai tu. Ikasema Mihayo hana kitu. Nyamizi akapiga kigelegele palepale koridoni, akakimbia nyumbani, akachinja jogoo, akawaogesha watoto wampokee baba yao.

Mpaka jioni hakuja mtu. Akarudi maabara na hotpoti lake mkononi, akamkuta Daktari Shemdoe anaifunga ile mashine kwenye boksi.

"Pole, Mama Kulwa. Tunairudisha kiwandani, ni mbovu."

"Mbovu kivipi, daktari, na imesema kweli?"

"Imeshindwa kumwona mgonjwa wetu."

Nyuma ya kioo, Mihayo alikuwa ameketi kitandani, viatu ameshavaa.