Maji Chini ya Ngozi

Mama Chloé aliponyoosha mkono auweke kifuani pa Agnès ili aombe, Agnès alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usiniguse, Mama Chloé. Niombeeni hivihivi tu."

Akina mama wa kanisa walitazamana kwa huruma. Walikuwa wamepanda ngazi zote za jengo la ghorofa alimoishi Agnès, mtaani Berea, maana lifti ilikufa zamani, wakiwa wamebeba bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kanisa zima lilikuwa limesikia habari: kansa ya titi, operesheni, na sasa maji yanayojaa pale palipokatwa.

"Yanauma?" Mama Chloé aliuliza.

"Yanavuta," Agnès alijibu polepole. "Mkono hauinuki vizuri. Ukigeuka kitandani unayasikia yakicheza, kama maji ndani ya dumu. Hospitali wanayatoa kwa sindano, kisha yanarudi. Wamesema mwili wenyewe utayanywa taratibu, ila homa ikianza tukimbie huko."

Mama Chloé alishusha sauti. "Mama mkwe wako si alikufa na hiyohiyo, kule Uvira?"

"Ndiyo."

"Lakini wewe si damu yake. Ugonjwa umekufikiaje?"

Agnès aligeukia sombe, akaifunika. Tangu operesheni, kila akisinzia alimwona marehemu amesimama kando ya kitanda, upande anaolala mumewe, Damien, kitenge kimelowa kifuani. Hakuwahi kumtazama Agnès hata mara moja.

"Ni mzimu wake unakufuata," alisema Mama Chloé. "Tutaukemea leo."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, kitanda kililia.

"Damien yuko?"

"Amepumzika. Mnajua kazi ya ulinzi ilivyo."

Wakaomba kwa sauti, wakimfukuza marehemu arudi kaburini. Jina la Agnès lilipotajwa mbele za Mungu, chini ya blauzi alihisi kitu kinamvuta. Alijipapasa haraka. Hapakuwa na kitu.

Walipotoka alifunga mlango, akasimama kidogo, kisha akalisogeza pazia.

Damien alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati wazi, kiganja kimekandamiza uvimbe kifuani mwake, chini ya kovu bichi lililopita pale chuchu ilipokuwa.

"Nilidhani watanicheka," alisema mumewe. "Lakini nimesikia wanavyomfukuza mama yangu kwa jina lako. Waite warudi, Agnès. Waambie mgonjwa ni mimi."