Transista Isiyo na Miguu

Appolinaire alikuwa amepumua tu. Pumzi moja, na transista aliyoifuata mpaka Mbarara ikaruka mezani ikaenda zake. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la kibanda chake cha Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, anapapasa kitu kisichozidi punje ya ulezi, huku akilaani kiwanda kilichokitengeneza.

"Papa fundi, itasema leo?"

Alikuwa Mama Bienvenu, mwenye redio, ameshakaa kwenye benchi la mlangoni kama kawaida yake, fimbo katikati ya magoti.

"Mama, acha kwanza nione kama nitakipata."

"Jumamosi isipite. Nakuomba. Habari ya mtoto wangu inapitaka mule."

Misiera nzima ilijua kisa chake. Bienvenu alirudi Kivu kuangalia mashamba yao, na tangu hapo kimya. Alikuwa amewaachia mama yake na mkewe Viviane redio hiyo moja, inayoshika stesheni ya kwao. Kila siku, asubuhi na saa kumi jioni, stesheni husoma komunike: fulani anatafutwa, fulani yuko hai kambi fulani, fulani amefariki, ndugu zake popote walipo wajulishwe. Kikongwe alikuwa hakosi hata moja, mpaka redio ilipozima.

Na haikuzima yenyewe, jambo lililozidi kumtia fundi hasira. Mtu alikuwa ameikata transista miguu yake yote mitatu kwa wembe, akaing'oa. "Mjinga gani ameshika redio hii kabla yangu?" alimuuliza Viviane siku alipoileta. Viviane aliangalia pembeni, akasema hajui. Kisha akaongeza neno lililomkaa fundi rohoni: "Usijichokeshe, Papa. Hata ikikaa mwaka, si kitu." Mkwe gani huyo asiye na huruma hata kidogo?

Mbarara aliizunguka duka kwa duka. Transista za miguu hakuna. Conrad, muuza vipuri mwenye maneno mengi, alimchekea.

"Ssebo, bwana wangu, ile ya miguu ilikwisha. Dunia ilienda mbele." Akakata kipande cha utepe wenye vishimo vidogo, kila kishimo na chembe yake nyeusi ndani. "Hii ni ile ile. Kazi moja. Weka tu."

Weka tu! Chuma cha kulehemu cha Appolinaire kilikuwa msumari mnene wa kupashwa kwenye jiko la makaa, mnene kuliko transista kumi za namna ile. Ya kwanza ilinata kwenye msumari ikaungua. Ya pili aliiunga vizuri, akafurahi, akaweka betri, na moshi mwembamba ukapanda. Ndipo alipogundua lile ambalo Conrad hakumwambia: kwenye hivi vidogo mpangilio umebadilika, sehemu iliyokuwa katikati imehamia pembeni. Fundi mzima alitamani kulia. Nyingine zikafuata njia hiyo hiyo, kwa sababu hii au ile, na hii iliyoruka ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Aliikuta imenata kwenye jasho la kiwiko chake.

"Mama, rudi nyumbani," alisema polepole, akiogopa hata kusema kwa nguvu. "Nitakuletea mwenyewe."

Alizungusha waya wa shaba kwenye msumari ili upate ncha nyembamba. Akachuna nyuzi tatu kutoka waya wa chaja mbovu, akaibandika ile chembe mgongo chini kwenye nta ya mshumaa isitikisike, akaiundia miguu, uzi kwa uzi, akipumulia pembeni kama mtu mwenye mafua. Kisha akavusha nyuzi zile mpaka kwenye matundu ya zamani ya bodi, kila moja mahali pake halisi. Akaweka betri. Redio ikakoroma, halafu ikaimba. Appolinaire akaipiga busu.

Alifika kwao kabla tu ya saa kumi. Viviane alikuwa uani anachagua maharage. Alipoiona redio aliinuka ghafla, ungo ukapinduka.

"Papa, si nilikuambia polepole?"

Fundi alimpita bila kumjibu. Mwache anune. Akaiweka redio mbele ya Mama Bienvenu, akaongeza sauti, akasimama kando na kifua mbele.

Komunike zikaanza. Mtoto anatafutwa. Shule inafunguliwa. Kisha msomaji akashusha sauti: familia ya Bienvenu, mume wa Viviane, inawajulisha ndugu zake wote popote walipo kwamba alifariki mwezi uliopita, na matanga yataondolewa Jumamosi hii.

Appolinaire aliona aibu ya mikono yake. Aliruka kuizima, amechelewa, kisha akamgeukia mama ili amdake asianguke.

Mama Bienvenu hakuwa anaanguka. Wala hakuwa anaiangalia redio. Alikuwa anamwangalia Viviane, na Viviane alikuwa anamwangalia yeye, na hakuna aliyepiga yowe.

"Mama," Viviane alisema, "sikutaka usikie. Mie niliisikia ile siku saa kumi, ulikuwa umeenda kuteka maji, nikashika wembe."

"Mie niliisikia asubuhi yake, ulikuwa shamba," mama alimjibu. "Kinywa yangu ilikatala kukuambia. Nikasema, acha jioni redio yenyewe ikuambie, ndiyo nikaenda maji."