Jino la Fundi Cherehani

Jino lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jeupe pe, na lilikuwa limechomoza mahali lisipotakiwa kabisa: kinywani mwa fundi cherehani.

"Achama tena, baba," Daktari alisema, akimmulika kwa kitochi.

Fundi akaachama. Msaidizi wa Daktari, mjukuu wa Bibi mmoja kati ya wazee wa utafiti, aliinama kuchungulia, trei ya vioo mkononi. Kazi hii ya maabara aliipata kwa jasho, na sasa aliiona ikiota mbawa.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Daktari alikuwa ametengeneza dawa ya kupaka kwenye fizi. "Panya," aliwaeleza wazee siku ya kwanza, "meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, kwa sababu kwenye mizizi yake kuna seli shina zisizolala. Sisi zetu hulala tukishaota meno ya ukubwani. Dawa hii inaziamsha."

"Yaani unataka kunifanya panya!" Bibi alidakia, na chumba kizima cha vibogoyo kikaangua kicheko.

Nusu ya wazee walipewa dawa. Nusu nyingine walipewa krimu nyeupe isiyo na dawa yoyote, ili matokeo yalinganishwe, na hakuna mzee aliyeambiwa kapata ipi. Mjukuu ndiye aliyegawa tyubu. Kura ilimwangukia Bibi yake, aliyemlea tangu mdogo, kwenye dawa. Fundi alipata krimu. Sharti lilikuwa moja: ukishapaka asubuhi, usichangie kijiko wala kikombe na mtu hadi saa nzima ipite.

Bibi alilishika sharti kama sala. Kila asubuhi alipaka dawa, akajipulizia manukato, akatoka mbio kwenda kwa fundi kupunguziwa gauni. Gauni lilelile. Lilianza kwenye vifundo vya miguu, likafika magotini, na bado Bibi alilalamika linaburuza.

"Bibi, likipunguzwa tena litakuwa blauzi," mjukuu alimwambia.

"Niache bwana, sasa hivi mimi ni mwanamke mwenye jino!" Maana lake lilikuwa limeshachomoza, na tangu siku hiyo alichekea hadi vitasa vya milango.

Na sasa fundi naye ana jino. Kama aliyepaka krimu tupu kaota, basi dawa si dawa, na kazi yote ya Daktari imekwenda na maji. Au tyubu zilichanganywa.

"Ulizichanganya?" Daktari alimuuliza mjukuu kwa upole, na upole huo ndio uliotisha.

"Haki ya Mungu, Daktari, sikuchanganya."

"Basi vua koti la maabara kwanza, mpaka tujue kilichotokea."

Mjukuu akaanza kufungua vifungo, machozi yakimlengalenga. Fundi akakohoa.

"Msimwonee mjukuu wangu," alisema. Akaona wote wamemgeukia, akatazama dari kana kwamba kuna mshono uliofumuka huko.

Kwenye benchi, Bibi aliyekuwa akisubiri zamu yake akainuka, gauni likimpepea magotini.

"Wewe mtoto, funga vifungo vyako." Akamgeukia Daktari. "Hebu nieleze, mwanangu. Hii dawa inaweza kuhama, itoke kwa mtu iende kwa mwingine?"

"Inaweza, mama. Ndiyo maana nikaweka lile sharti." Daktari akamtazama Bibi, kisha fundi. "Mlichangia kijiko?"

"Hata siku moja."

"Kikombe?"

"Mimi? Kila mtu na kikombe chake."

"Sasa mbona sielewi?"

Bibi akalifunika jino lake jipya kwa kiganja, kama msichana. Fundi bado alikuwa anakagua dari, masikio yamemwiva.

"Vijiko ulivitaja, mwanangu," Bibi alisema. "Vikombe ulivitaja. Midomo hukuitaja."