Kikapu cha Bwana Mkubwa

"Hivi huyu paka anasafiri lini?" jirani aliuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni na unga mpaka kwenye kope.

Jirani alikuwa mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kitambi na masharubu. Alichokuwa akikitazama ni kikapu chenye mfuniko nyuma ya mlango wa fundi cherehani. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, samaki wa kopo, kipande cha shuka kuukuu ili msafiri anuse kwao, cheti cha chanjo kilichofungwa kwenye nailoni, na picha ya paka mweusi aliyechukizwa na mpiga picha.

"Atasafiri mto ukifurika," fundi alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Na wewe je? Kikapu chako kiko wapi?"

"Mimi nina Mungu. Yeye ana mimi tu."

Jirani alicheka mpaka unga ukamdondoka.

Fundi hakujali. Mume alikwishazikwa, mabinti wameolewa, na aliyebaki wa kuulizwa umeamkaje ni paka wake, Bwana Mkubwa, peke yake. Mtaa wao ulikuwa bondeni. Mafuriko yaliyopita yalibeba kuku wa watu, na yalimkuta mbwa wa kinyozi kwenye mnyororo, kila mtu akidhani mwenzake kamfungua. Fundi alimsikia yule mbwa akilia mpaka alipoacha. Siku hiyo aliweka nadhiri.

Basi kila jioni alipiga kijiko kwenye sahani ya bati na kuita kwa sauti nyembamba, "Bwana Mkubwa, njoo kwa mama." Paka alikuja, akaingia kikapuni, akala, akatoka. Alikosa siku za mvua tu, na hilo fundi alimsamehe, kwani hata yeye hakupenda kulowa. Wateja aliwaambia kwamba wapo watu wazima wasioelekezeka hivyo.

Akishakula, Bwana Mkubwa hupita dirishani na kwenda zake.

"Paka gani halali kwao?" jirani aliuliza.

"Usiku anafanya doria. Analinda mtaa."

"Mbona panya wangu hawamjui?"

"Panya wako wameshiba unga. Watatokaje nje wamwone?"

Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi mto ukaingia mtaani bila kubisha hodi. Lori la manispaa lilikuja kinyumenyume, watu wakapanda na magodoro yao. Fundi alibaki barazani, maji magotini, kikapu begani, akipiga sahani.

"Dada, panda," jirani alimwita akiwa juu ya lori.

"Hajaja."

"Huyo kashakimbia zamani. Paka ana akili."

"Ana akili, ndiyo maana atakuja. Mimi ndiye niliyemfundisha kurudi hapa. Akirudi asinikute, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu."

Dereva alipiga honi. Maji yakafika mapajani. Lorini watoto walianza kulia, na mama zao wakaanza kusema maneno ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Jirani alitazama mbinguni kama mtu anayedai maelezo, kisha akashuka.

"Lete hiyo sahani. Wewe panda, nitamleta mimi."

"Apa."

"Naapa."

"Na uite kama ninavyoita. Sauti nzito anaiogopa."

Yaliyofuata yalisimuliwa na waliokuwa juu ya mapaa. Waliona masharubu yakielea juu ya maji, sahani ikiwa hewani, na jitu zima likiita nyumba hadi nyumba kwa sauti ya mwari, "Bwana Mkubwa, njoo kwa mama."

"Nakuja, mama," kinyozi alimjibu akiwa juu ya bati lake.

Jirani hakugeuka. Alisikia mlio darini mwa nyumba moja, akapanda, dari ikashuka naye. Paka alikuwemo, ila alikuwa wa kijivu, na hakupenda kuokolewa. Baada ya hapo maji yalimzoa jirani mpaka kwenye nguzo ya umeme, akaikumbatia kama mke wa ujana wake, hadi vijana wakamvuta kwa kamba.

Kule mlimani, katika shule walikohifadhiwa watu wa bondeni, fundi alikuwa amekaa kwenye dawati, kikapu mapajani, mfuniko wazi. Chai aliikataa. Alikuwa anawaombea wawili, paka na jirani, na kwa kumwonea Mungu haya alijitahidi kumtanguliza jirani.

Jirani aliingia mchana, na kiatu kimoja, suruali imechanika, shavu lote mikwaruzo.

"Nimemtafuta, dada. Mungu ni shahidi," alisema, na sauti ilikuwa bado ile nyembamba, nzito ilikataa kurudi. "Hakuna nyumba nisiyoingia."

Fundi alifunika kikapu taratibu. "Basi, kaka. Umefanya ya ndugu wa damu. Mimi ndiye niliyempoteza." Akafuta machozi kwa kiganja.

Mlango wa stoo ulifunguliwa. Mlinzi wa shule, mzee mwenye birika kubwa la chai, alitoka akipangua watu kwa kiwiko.

"Nipisheni jamani, na msinikanyagie paka."

Nyuma yake alikuja paka mweusi, mkavu, mkia juu, akipiga miayo.

"Huyu ni wako?" fundi aliuliza.

"Wangu, nimemlea tangu hajafumbua macho. Kila usiku analala miguuni pangu, na mvua ikinyesha hata mlango haukaribii. Huko bondeni huwa anashuka jioni kula tu."

Jirani alimtazama paka. Akamtazama fundi. Kisha akageuka, akatoka nje kwenye mvua.