Kitufe cha Geuza

"Chaguo la kwanza?" aliuliza Injinia, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi.

"Kompyuta," alijibu fundi cherehani kabla binti yake hajavuta pumzi. "Sayansi ya Kompyuta. Andika kwa herufi kubwa."

"Herufi wanapanga wenyewe, mzee wangu. La pili?"

Fundi alimtazama binti. "Haya, la pili weka hao kuku wako."

"Udaktari wa Mifugo," binti alisema polepole.

Duka la Injinia lilikuwa na kompyuta moja, mashine ya kutolea nakala na kiti kimoja cha mteja. Msimu wa maombi ya chuo mtaa mzima ulipita hapo, na nywila za wote alizihifadhi kwenye daftari lake, maana watu walizisahau kabla hawajavuka barabara. Ukutani, nyuma ya mashine, kilining'inia cheti ndani ya fremu, pembe yake moja imefunikwa na karatasi ya bei za kuchapa. Binti alikisoma. Akakisoma tena.

"Baba, hebu tazama pale ukutani."

"Nitazame kwa macho gani? Miwani si iko kwa fundi wa miwani?" Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka wiki iliyopita, na tangu hapo binti ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano.

Binti alimgeukia Injinia. "Kaka, kazi za kompyuta zipo kweli?"

Injinia alitabasamu bila kuinua uso. "Kwani mimi unanionaje, niko likizo?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Umesikia? Kila ofisi ina kompyuta. Wewe umeona wapi ofisi yenye ng'ombe?"

Injinia aliwachapia karatasi yenye namba na nywila. "Dirisha la maombi linafungwa leo saa kumi na moja jioni. Mkibadili mawazo, kuna kitufe kimeandikwa Geuza. Kikibonyezwa, la kwanza linashuka, la pili linapanda. Basi."

"Hatubadili," alisema fundi.

Kibanda chao cha kushonea kilikuwa chembamba. Vyerehani viwili vilikaa mkabala, meza ya pasi ikaziba nusu ya mlango, na binti hakuweza kutoka bila kumwomba baba yake akunje miguu. Asubuhi yote fundi alimtangaza kwa kila mteja.

"Huyu ni mtu wa kompyuta sasa."

"Ahaa! Basi ataniangalizia simu yangu, inazima yenyewe."

Binti aliinamia vifungo vya shati la watu. Alijiona kama kitambaa kilichokwisha kupigwa chaki: kilichobaki ni mkasi tu. Nje aliwika jogoo wa jirani, yule aliyevunjika mguu, ambaye binti alimfunga kijiti kwa kipande cha bitana akapona vizuri kabisa. Sasa alikuwa akiwika saa zote, na si majirani wote walioshukuru.

Saa tisa fundi alijinyoosha. "Nafuata miwani. Nikirudi utapumzika kunitungia uzi."

Alipokata kona tu, binti aliruka meza ya pasi akaingia kwa dada msusi, mlango wa pili.

"Dada, niazime simu. Dakika tano."

Ukurasa ulikataa kufunguka mara mbili. Mara ya tatu ukafunguka. Binti aliingiza namba, akaingiza nywila, akabonyeza Geuza. Mifugo juu, Kompyuta chini.

Msusi alichungulia begani pake, kitana kikiwa mdomoni. "Baba yako atakumeza mzima mzima."

"Atanisema. Lakini nitamwambia mwenyewe, dirisha likishafungwa."

Alirudi kwenye vifungo. Kila mara mwanga wa mlangoni ulipozibwa na mpita njia, moyo ulimruka. Baba alichelewa. Labda fundi wa miwani alikuwa hajamaliza. Binti aliitazama saa ya ukutani ikijikokota, na ilipogonga kumi na moja akashusha pumzi. Sasa hakuna wa kugeuza kitu.

Fundi aliingia saa kumi na moja na nusu, miwani puani. Alikaa, akachukua sindano, akatunga uzi mwenyewe, mara moja tu.

"Baba, nina neno."

"Ngoja, nianze mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Pale kwa Injinia ni mkabala na kwa fundi wa miwani. Nikasema nijaribu macho. Nikasoma kile cheti chake. Kumbe kasoma kompyuta hiyo hiyo, miaka minne. Nikamuuliza, ikawaje? Akasema maombi ya kazi amepeleka mpaka amechoka kuhesabu. Anatoa nakala huku anangoja."

Binti aliliweka shati magotini.

"Nikakaa kwenye kile kiti muda mrefu. Nikawaza, mimi mtoto wangu nimempima nguo bila kumwita asimame. Nikamwambia Injinia, fungua daftari lako, mgeuzie. Apate kuku wake. Mtandao ulikuwa umelemewa, ukurasa ukafunguka nusu, machaguo hata hayakuonekana. Lakini kitufe kilikuwepo. Akakibonyeza, ikaandika imepokelewa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Haya, mwanangu. Wewe ulikuwa na neno gani?"