Katiba Nyepesi

Mbele ya umati ulioamriwa kushangilia, Profesa Shekuwe alikabidhiwa Katiba. Kwa desturi ya mji ule, mwalimu mkongwe wa sheria ndiye aliyekuwa akiifungua kwenye ukurasa wa kiapo na kumshikia mtawala mpya. Alishawashikia kadhaa. Majaji walioketi nyuma yake, wote aliwafundisha yeye.

Safari hii kitabu kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu. Tena kilikuwa chepesi.

Shekuwe alikipima mikononi. Alikuwa mmoja wa walioiandika Katiba ile, na uzito wake aliujua kama mama anavyoujua uzito wa mwanawe.

"Zamzam," alimnong'oneza Jaji Mkuu aliyesimama kando yake. "Sura ya haki za raia iko wapi?"

"Mwalimu, nakuomba, usiufungue huo utepe. Mshikie tu aape, twende zetu nyumbani."

"Nani kaikata?"

Zamzam alirudisha mikono ndani ya joho, lakini Shekuwe alikwisha kuiona plasta kwenye kidole gumba chake, kama ya mtu aliyejikata na wembe.

"Mwanangu," alisema Shekuwe.

Jenerali aliyekuja kuapishwa alipanda jukwaani, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya kitabu. Jalada likabonyea.

"Tuanze, Profesa."

Shekuwe aliishika ncha ya utepe, akaivuta taratibu. Nyuma yake akasikia viti vya majaji vikiburutwa kurudi nyuma, kimoja baada ya kingine.